Usipige Mluzi Usiku: Hofu Yetu Yamnyooshea Nani Kidole?

Takriban kila mtoto aliyelelewa kijijini humu nchini aliwahi kukanywa asipige mluzi usiku. Sababu aliyopewa ilitegemea alikozaliwa. Wapo walioambiwa kuwa mluzi huita nyoka, wapo walioambiwa kuwa huita majini, na wapo ambao hawakupewa sababu yoyote ila kofi. Nami nilidhani katazo hilo ni letu peke yetu, hadi nilipokutana na mkusanyiko wa hadithi fupi uliochapishwa mwaka 2023 kwa jina Never Whistle at Night, yaani Usipige Kamwe Mluzi Usiku. Wahariri wake, Shane Hawk na Theodore C. Van Alst Jr., walikusanya hadithi 26 za kutisha zilizoandikwa na wenyeji asilia, wengi wao wa Amerika Kaskazini. Huko nako, kumbe, akina bibi huwakanya wajukuu kwamba mluzi wa usiku huita visivyofaa kuitwa.

Watu hao ndio tuliofundishwa shuleni kuwaita Wahindi Wekundu. Jina hilo ni kosa juu ya kosa. Columbus alidhani amefika Bara Hindi, Wazungu waliomfuata wakaongeza rangi, nasi tukalitafsiri bila kuuliza. Nalitaja kwa sababu mtu asiyeitwa kwa jina lake ni rahisi mno kugeuzwa dude la kutisha, na hilo ndilo jambo ninalotaka tulitafakari leo, hasa sisi tunaofundisha na kusahihisha insha, na vijana wanaoziandika.

Kwa muda mrefu mwenyeji wa Amerika alikuwamo katika hadithi za kutisha, ila hakuwa mwandishi. Alikuwa kaburi. Katika riwaya ya Stephen King iitwayo Pet Sematary, ya mwaka 1983, uovu unachipuka kutoka ardhi ya kale ya maziko ya jamii ya Micmac. Katika filamu ya The Shining, ya mwaka 1980, tunaelezwa kuwa hoteli yenye mauzauza ilijengwa juu ya makaburi ya wenyeji. Mbinu hiyo ilirudiwa na wengi hata ikageuka kichekesho. Lakini hebu tazama ujanja wake. Familia ya wageni inahamia nyumba nzuri, na wafu waliokuwa na ardhi hiyo wanaisumbua. Msomaji anatakiwa kuihurumia familia na kuwaogopa wafu. Swali la nani aliyesababisha wafu hao kuwa wengi namna hiyo haliulizwi kabisa.

Ndivyo walivyotendewa hata viumbe wa ngano zao. Miongoni mwa jamii zinazozungumza lugha za Kialgonkini kuna masimulizi ya windigo, zimwi la baridi na njaa. Kila likila mtu hukua, na kila likikua njaa yake huongezeka, hivyo halishibi milele. Mwingereza Algernon Blackwood alilitia katika hadithi yake mwaka 1910, likawa tishio la msituni linalomvizia Mzungu mwindaji. Kwa wenyeji wenyewe, windigo ni onyo kuhusu ulafi: binadamu yeyote akiikumbatia tamaa, anaweza kugeuka windigo. Mwanazuoni wa Kianishinaabe, Basil Johnston, aliandika mwaka 1995 kwamba windigo wa siku hizi ni makampuni yanayoimaliza misitu na bado hayatosheki. Kiumbe ni yule yule. Kilichobadilika ni upande ambao kidole kinaelekezwa.

Waandishi wa kizazi cha leo wameishika njia hiyo kwa ustadi. Cherie Dimaline, wa jamii ya Métis nchini Kanada, alichapisha The Marrow Thieves mwaka 2017. Katika riwaya hiyo dunia imeharibika, na watu wamepoteza uwezo wa kuota ndoto, isipokuwa wenyeji asilia. Basi wenyeji wanasakwa kama wanyama ili uboho utolewe katika mifupa yao. Mahali wanakopelekwa panaitwa shule. Msomaji wa Kanada haihitaji tafsiri ya neno hilo. Nchini humo, kwa zaidi ya miaka 100, serikali pamoja na makanisa ziliwatia watoto wapatao 150,000 katika shule za bweni zilizokusudiwa kuwavua lugha na mila zao. Maelfu hawakurudi nyumbani. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Dimaline hakuhitaji kubuni jinamizi. Alichofanya ni kulisogeza mbele kidogo katika kalenda.

Naye Stephen Graham Jones, wa jamii ya Blackfeet, alichapisha riwaya ya mnyonyadamu, The Buffalo Hunter Hunter, mwaka 2025. Kiini chake ni tukio la kihistoria. Tarehe 23 Januari 1870, wanajeshi wa Marekani waliishambulia kambi ya Blackfeet kando ya Mto Marias katika eneo la Montana, wakaua watu wapatao 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Mbele ya habari kama hiyo, meno ya mnyonyadamu yanatisha kiasi gani?

Hata hivyo, tusidhani kwamba waandishi hawa wanawanyooshea kidole Wazungu tu, kisha wanalala usingizi. Katika riwaya nyingine ya Jones, The Only Good Indians, ya mwaka 2020, vijana wanne wa Blackfeet wanavunja mwiko wa jamii yao. Wanaingia katika ardhi iliyotengewa wazee na kuwaua kulungu ovyo, akiwamo jike mwenye mimba. Miaka kumi baadaye roho ya kulungu huyo inawarudia. Wahenga wetu walisema kuwa ukimnyooshea mwenzio kidole kimoja, vitatu vinakuelekea wewe. Jones anavihesabu vyote vinne.

Sasa nirudi nyumbani, na nianze na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika somo la uandishi wa kubuni, mwanafunzi mmoja aliniletea hadithi ya kutisha. Kiswahili chake kilikuwa fasaha, na mtiririko ulikuwa wa kupendeza. Hadithi ilihusu kijiji kilichokumbwa na vifo vya watoto. Ukingoni mwa kijiji aliishi ajuza mjane, mwenye macho mekundu kama kaa la moto, ambaye usiku alitoka kimya kimya. Mwishoni wanakijiji walimtambua, wakaizingira nyumba yake, na alfajiri watoto wakapona. Nilirekebisha upatanisho wa kisarufi katika sehemu mbili tatu. Pembeni, palipotajwa macho mekundu, niliandika: "Taswira nzuri." Nikampa alama za juu.

Oktoba mwaka 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kuchomwa katika eneo la Marani, Kisii, kwa kushukiwa kuwa wachawi. Siku niliyosoma habari hiyo gazetini, maneno yangu mawili yalinirudia, nayo hayajaniondoka. Halikuwa tukio la kwanza. Mei mwaka 2008, katika eneo hilo hilo la Kisii, watu wasiopungua 11 waliteketezwa kwa madai kama hayo. Kilifi nako wazee wamekuwa wakiuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya madai hayo pana ugomvi wa shamba. Katika nchi jirani ya Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Na macho hayo, wasomaji wapenzi, huwa mekundu kwa sababu ya moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, akilisha watoto na wajukuu, huyo ndiye tunayemwona usiku akiwa na macho kama kaa la moto.

Mwanafunzi wangu hakuua mtu. Aliichukua hofu aliyoikuta kijijini akaiandika vizuri. Mimi mwalimu ndiye niliyepaswa kumuuliza: je, hofu hii inamnyooshea nani kidole? Sikumuuliza. Nilishughulika na viambishi.

Niliposimulia kisa hiki mbele ya walimu wenzangu, mmoja wao, mtu mwenye tajriba ndefu ya shule za upili, alisimama akasema: "Daktari, dawa ni moja. Tuwakataze wanafunzi kuandika mambo ya majini na wachawi. Tunapalilia ushirikina, kisha tunashangaa watu wakichomwa." Hoja yake ina uzito, na ninaiheshimu. Lakini sikubaliani nayo. Hofu haifi kwa kunyimwa karatasi. Itaendelea kuishi katika uvumi, na uvumi ni hatari kuliko hadithi.

Historia yetu wenyewe inathibitisha hilo. Neno mumiani lilitufikia kutoka Kiajemi, likiwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyodhaniwa kutoka katika miili ya wafu waliohifadhiwa. Katika enzi ya ukoloni likaja kubeba maana nyingine: watu wanaowakamata Waafrika usiku na kuwafyonza damu. Jijini Nairobi na kwingineko Afrika Mashariki ilivuma kuwa wazimamoto, wale waajiriwa wa serikali wenye magari mekundu, ndio waliofanya kazi hiyo kwa niaba ya Wazungu. Mwanahistoria Luise White aliyachunguza masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires. Yeye hakuyacheka wala hakuyaamini. Aliyasoma kama lugha ambayo kwayo watu walizungumzia hali ya kutawaliwa. Na ni kweli kwamba mtu anayefanyishwa kazi kwa ujira mdogo, akitozwa kodi ya kibanda alichojijengea mwenyewe, hakosei sana akisema kuwa yuko mtu anayemnyonya damu.

Hiyo ndiyo sura njema ya mumiani: hofu ya mnyonge iliyomwelekea mwenye nguvu. Lakini ilibaki kuwa uvumi, na uvumi hauna subira. Nchini Malawi, mwaka 2017, uvumi wa wanyonyadamu ulisababisha makundi ya watu kuwashambulia na kuwaua washukiwa kadhaa. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya uvumi na fasihi. Uvumi humtaka msikilizaji aamini, kisha ashike fimbo. Hadithi humwambia msomaji tangu mwanzo kuwa imebuniwa, kisha humtaka aketi na hofu yake na kuitazama usoni. Tukiwaondolea vijana hadithi tukawaachia uvumi, tutakuwa tumechagua vibaya.

Isitoshe, fasihi ya Kiswahili imekwisha kutuonyesha njia. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, anaanza na mauaji mahali pa mizimu, ambapo wengi wangeridhika kusema kuwa mizimu imekasirika. Bwana Msa haridhiki. Anavuta kiko chake, anauliza maswali, na mwisho tunagundua kuwa anayepaswa kuogopwa ni binadamu aliye hai. Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, anamfufua babu ili amkabili mjukuu wake, kigogo aliyeuza utu wake kwa vyeo na starehe. Mfu anamtisha aliyestahili kutishwa. Walimu waliofundisha riwaya hizo wana mfano tayari mikononi. Hatuna haja ya kuazima kasri lenye popo kutoka Ulaya.

Lugha yenyewe inatusaidia. Wataalamu wa lugha za Kibantu huyaweka maneno mzimu, kuzimu na zimwi katika ukoo mmoja, pamoja na irimũ wa Wagikuyu, yule anayejigeuza kijana mtanashati ngomani ilhali kisogoni ana mdomo wa pili. Kwamba mhenga na mla watu wametoka katika shina moja si jambo dogo. Waswahili wana methali isemayo kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aghalabu tunaitumia kuwatetea jamaa wanaotudhulumu kwa kiasi. Mimi ninaisoma pia kama kanuni ya uandishi. Mgeni akiandika kuhusu zimwi lako, atakuandika ukiliwa hadi ukaisha. Ukiliandika wewe, utajua liliingilia mlango upi, lilizaliwa katika nyumba ya nani, na ni nani aliyesalia kusimulia.

Kulijua zimwi, hata hivyo, kuna masharti yake. Si kila kilicho chetu ni cha kuuzwa. Mwaka 2016 mwandishi J. K. Rowling alipolitumia simulizi la Wanavajo kuhusu mchawi anayejigeuza mnyama, wasomi wa jamii za wenyeji walimlaumu vikali, kwa kuwa Wanavajo wenyewe hulinyamazia jambo hilo. Tusifikiri lawama hiyo inawahusu wageni peke yao. Mwandishi aliyezaliwa Kaloleni anaweza naye kuzigeuza siri za kaya kuwa bidhaa, na uzawa wake usimwondolee hatia. Kabla ya kuandika, na aende akawaulize wazee lipi la kusimuliwa na lipi la kuachwa.

Na tukiutaka mfano wa hadithi ya kutisha iliyo yetu hasa, ambayo haimtwishi bibi kizee mzigo wowote, uko hapo hapo Pwani. Wamijikenda huwachongea wazee wao waliotangulia vigango, nguzo za mbao zinazosimikwa kwa heshima ya marehemu, na ambazo hazipaswi kung'olewa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, na mamia yakaishia katika makavazi na nyumba za watu binafsi nchini Marekani. Familia zilizoibiwa zilihusisha wizi huo na ukame, maradhi na vifo. Baadhi ya makavazi yamevirejesha vigango katika miaka ya karibuni, lakini si vyote vilivyorudi.

Sasa zigeuzeni zile hadithi za Marekani nilizoanza nazo. Kule tuliambiwa kuwa familia ya wageni ilijenga nyumba juu ya makaburi ya wenyeji, ikasumbuliwa. Huku ni kinyume: alama za wafu wetu zimesimamishwa sebuleni kwa watu, kando ya runinga, zikisubiri. Nani anapaswa kuogopa? Kigango chenyewe? Mzee wa Kilifi aliyekilinda? Au yule kijana wa kijijini aliyeking'oa usiku kwa shilingi chache, dalali aliyempa taa, na mnunuzi ambaye hakutaka kujua kimetoka wapi? Mwanafunzi atakayeiandika hadithi hiyo atakuwa na vidole vya kuelekeza pande zote, kimoja kikimrudia mwenyewe.

Ninafahamu vyema hali ilivyo madarasani. Insha za kutisha tunazosahihisha zimejaa giza totoro, nywele zilizosimama na mapaja yaliyogongana, na ukurasa wa mwisho mtahiniwa hugutuka akajikuta kitandani: kumbe ilikuwa ndoto! Tumekuwa tukiulaumu mwisho huo kwa kuwa umechakaa. Kasoro yake kubwa zaidi ni kuwa unamwachilia kila mtu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekufa, hakuna wa kuulizwa. Mwisho wa hadithi ya mwanafunzi wangu ulikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ulimtafuta mnyonge kuliko wote, ukamtwisha kila kitu, kisha ukatuita tushangilie.

Basi, walimu wenzangu, mwanafunzi akikuletea jini, zimwi au mchawi, usimfukuze na wala usimsifu upesi. Muulize kiumbe huyo anataka nini na ametoka wapi. Muulize ni nani kijijini anayefaidika watu wanapomwogopa. Kisha muulize, iwapo hadithi yake ingesomwa kwa sauti barazani, ni nani ambaye angeshindwa kulala usiku huo: mwenye kuwadhulumu watu, au mjane wa ukingoni? Jibu likiwa la pili, mrudishie karatasi. Si kwa hasira, bali kwa sababu kazi bado haijaisha.

Nanyi vijana, msiogope kuandika ya kutisha. Nchi yenye makaburi yasiyojulikana, ardhi iliyonyakuliwa na wazee wanaolala na panga chini ya mto ina mengi ya kutisha kuliko Transylvania. Mmekatazwa kupiga mluzi usiku, na katazo hilo lina hekima, kwa kuwa anayeita lazima ajue anamwita nani. Mwandishi ni mtu aliyeamua kupiga mluzi huo kwa makusudi. Kabla hujaupiga, hakikisha unajua ni mlango wa nani utakaobishwa.

Mwanafunzi wangu alihitimu zamani, na sasa naye ni mwalimu. Nikikutana naye nitamwomba anirudishie hadithi yake, ili nifute maneno mawili niliyoandika pembeni, na mahali pake niandike swali.